Maji Yaliyokuwa Kwenye Seva

Jumatatu asubuhi, baada ya kuondoa vikombe vya chai na kufuta makombo, mama alimwachia binti yake meza ya chakula afanyie kazi. Ilikuwa meza pekee ndani ya nyumba, na mguu wake mmoja mfupi ulikuwa umewekewa kipande cha mbao. Binti akafungua kompyuta, akachomeka waya wa mtandao ambao baba yake alikuwa ameupitisha dirishani ndani ya bomba la plastiki ili panya wasiutafune, akaanza kuandika.

Aliandika kwa lugha ya Python. Python ni chatu, na tangu siku alipomweleza hivyo jirani aliyetaka kujua anatazama nini kwenye kioo cha kompyuta kutwa nzima, mtaa mzima ulimwita Chatu. Mama hakupenda. "Nimezaa mtoto, nikampa jina la bibi yake, nyinyi mnamwita nyoka," alikuwa akisema. Chatu mwenyewe hakuona neno. Kuna msichana mtaa wa pili aliyeitwa Kijiko.

Kazi ilitoka Mamlaka ya Maji. Walitaka programu ndogo ya kuunganika na seva yao kila asubuhi, ivute takwimu za maji yaliyofika kila mtaa, na kuzichora kwenye kioo kikubwa cha ukumbini ambako mkurugenzi hupita. Ofisini hapakuwa na kiti cha ziada, kwa hiyo alifanyia nyumbani.

Nyumba yao ilikuwa juu kabisa ya mlima, pale bomba la Mamlaka lilipoishia. Baba yake, fundi bomba, alijenga hapo kwa makusudi. Ujanani yeye ndiye aliyelaza bomba hilo kutoka barabara kuu hadi kileleni, na kila ua ukapata koki yake. Maji hayakupanda hata siku moja. Pampu iliyoahidiwa kufungwa chini ya mlima haikuja, na watu wakazizoea koki zao kama watu wanavyozoea picha ukutani. Wakatundika funguo, vikapu na mitandio. Jirani mmoja alifungia mbuzi. Lakini fundi hakuacha kuzikagua. Kila alipopata nafasi alizunguka na spana na kopo la grisi, akifungua, akifunga, akifuta kutu. "Bomba langu halina kosa," alisema kwa yeyote aliyemsikiliza. "Kinachokosekana ni maji tu."

Maji yalichotwa kisimani, mteremko mzima chini. Mama yake Chatu alikuwa na upara mdogo utosini, mviringo kama kitako cha ndoo.

Programu ilikataliwa tangu siku ya kwanza. Chatu aliandika anwani ya seva, jina lake na nenosiri, akaiamuru iende, ikarudi papo hapo na jibu kwamba muunganisho umekataliwa. Akabadili hiki na kile, ikakataliwa vilevile. Hatimaye alishuka mjini na kompyuta yake kumwona mtunza seva.

Mtunza seva alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta mbili na skafu, kwa sababu chumba cha seva kilipozwa mwaka mzima ili mashine zisipate joto. Mashine zilinguruma nyuma yake, taa zake ndogo zikikonyeza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Funga mlango, baridi inatoka." Akatazama kioo cha Chatu, akatikisa kichwa. "Nyumba umeipata, mwanangu, lakini unagonga mlango wa zamani. Huo tulishaupigilia misumari. Gonga huu." Akamwandikia namba ya mlango mwingine.

Safari hii programu haikukataliwa. Iliingia kimya na kukaa humo, bila jibu lolote.

"Ukikataliwa, unaambiwa," mtunza seva akasema. "Ukinyamaziwa, ujue ni mlinzi wa seva. Yuko pale mbele, anakagua nani anatoka wapi, na asiyemjua hamjibu hata salamu. Ngoja nimwambie wewe ni wa hapa." Akaandika mistari michache. "Madukani wanasema mteja ni mfalme. Huku kwetu programu ya mteja, kama hii yako, ni mwombaji. Inapiga hodi, inajitaja, inangoja. Tena nimekupa ruhusa ya kusoma tu. Wanaoandika wako ghorofani."

Chatu akashukuru, akapanda mlima.

Alikaa mezani, akairudia programu yake mstari kwa mstari, kisha akaiamuru iende. Seva ikaitika. Alikuwa ameambiwa ajaribu kwa mtaa wowote, naye akachagua wa kwao. Akauliza: leo, mtaa huu, maji kiasi gani? Alitegemea sifuri.

Seva ilimjibu kwa namba nene, namba ya mtaa wa watu wenye bustani. Chini ya namba hiyo, kwenye tundu ambamo waya wa mtandao unaingilia kompyuta, tone la maji likatokeza, likaning'inia, likaanguka. Likafuata la pili. Kisha ukawa mchirizi, unene wa kidole.

"Ondoa hapo," mama akasema kutoka mlangoni, "utanilowesha kitambaa."

Chatu akaisogeza kompyuta ukingoni mwa meza na kuweka beseni chini yake. Herufi kwenye kioo ziliendelea kusomeka vizuri. Akamwita baba yake, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la upande wake.

Fundi alivua kofia, akainama, akalitazama lile tundu kama anavyotazama kiungio chochote kinachovuja. Akakinga maji kiganjani, akayanusa, akayaonja.

"Ya Mamlaka haya," akasema. "Yana dawa."

"Nifunge muunganisho?"

"Funga nione."

Chatu akafunga, maji yakakatika. Akafungua, yakarudi. Fundi akasimama akiwa ameshika kiuno, akatazama kompyuta, akatazama dirisha, akatazama koki uani ambayo mkewe alikuwa ameitundikia chujio.

"Yanatoka kiasi gani?"

"Kiasi hiki kilichoandikwa, nadhani. Kikiisha yatakatika mpaka kesho."

"Kiasi hicho ni mtaa mzima."

"Ndiyo, baba."

Fundi akaenda kuleta sanduku lake la zana.

Kazi ilimchukua sehemu kubwa ya siku. Alikata mpira laini, akaupasha moto mpaka mdomo wake ukalingana na lile tundu, waya ukipita katikati, akaubana kwa kibanio. Akaupitisha dirishani mpaka kwenye mwisho wa bomba lake. Shida ilikuwa vali. Bomba lilikuwa limelazwa kupandisha maji, na humo ndani mlikuwa na vali ya kuyazuia yasirudi chini. Sasa maji yangeanzia juu. Fundi alichimba, akaitoa vali, akaigeuza, akaifunga upya, na muda wote huo alikuwa akiimba chini chini, jambo ambalo mkewe alikuwa hajalisikia tangu uchumba.

"Haya, Chatu," akaita kutoka shimoni. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kumwita hivyo. "Iulize tena."

Chatu akaiuliza.

Bomba lilikohoa. Lilitema vumbi, likatema buibui, likatema kutu nyekundu, kisha koki ya uani kwao ikatoa maji, na baada yake koki ya jirani, na ya jirani wa jirani, nyumba baada ya nyumba kufuata mteremko. Watu walitundua funguo na vikapu. Mwenye mbuzi alimfungua mbuzi. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mtu alikwenda kuchukua chombo.

Fundi alishuka mtaa mzima kwa miguu akikagua viungio. Hakikuvuja hata kimoja. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya zamani ya Mamlaka, na alitembea kifua mbele.

"Fundi, maji yamefika," watu walimwambia.

"Yamefika," alijibu, kana kwamba yalikuwa yamechelewa njiani tu.

Mama alisimama kwenye koki ya uani akakataa kumwachia mtu mwingine. Aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Alinawa mikono, akanawa uso, akavua kilemba na kuinamisha kichwa, akauacha ule upara utosini unyeshewe kwa muda mrefu. Alipoinuka, jirani mmoja akamwambia, "Mama, hongera kwa mtoto," akalitaja jina lile alilopewa na wazazi.

"Mwiteni Chatu tu," mama akasema. "Limempata mwenyewe."

Wiki iliyofuata Chatu alishuka mjini kumweleza mtunza seva.

"Ya moto au ya baridi?" mtunza seva akauliza.

"Baridi."

"Basi ni ya hapa." Akavuta skafu. "Kwa kawaida takwimu hazivuji. Lakini za kwenu zimekaa humu miaka, na hakuna aliyewahi kuziuliza. Wewe ndiye wa kwanza. Kitu kikiulizwa na mwenyewe, kinatoka."

"Nani anaziandika, mama? Dira za maji kule kwetu zilikuwa hazijawahi kuzunguka."

"Ndiyo maana. Dira isipozunguka, jedwali linabaki na pengo, na ghorofani hawapendi pengo. Wanachukua wastani wa mji, wanaliziba." Alisema hivyo kama anayeeleza jinsi ya kuziba pancha. "Mtaa wenu umekuwa ukipata maji kila siku tangu seva hii ilipofungwa. Mlikuwa mmepungukiwa na njia ya kuyachukua."

Chatu alirudi nyumbani akiwa na furaha, lakini furaha yake ilikuwa na kipande cha kokoto ndani. Programu yake ilikuwa safi. Ilifungua muunganisho alfajiri na kuufunga yenyewe maji yanapoisha, isiache hata tone, na alijua hilo ni jambo la kujivunia, kwani wengi huiacha miunganisho wazi ikidondoka siku nzima. Hata hivyo aliandika barua kwa Mkuu wa Takwimu kule ghorofani, akamweleza kwamba namba za mtaa wake hazikuwa za kweli na kwamba kinachohitajika ni pampu.

Mkuu wa Takwimu alipanda mlima mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi na viatu visivyozoea mawe. Alikaribishwa sebuleni, na mama akamletea glasi ya maji juu ya sahani. Akanywa yote.

"Binti, umeandika kwamba takwimu zetu za huku ni za uongo."

"Ndiyo, mkuu. Hakuna maji yaliyowahi kupanda mlima huu."

"Na haya niliyokunywa?"

"Yametoka kwenye seva yenu."

"Yaani yametoka Mamlaka," akasema Mkuu wa Takwimu, akaiweka glasi chini taratibu. Alionekana kupata nafuu.

Chatu akamwonyesha kompyuta ukingoni mwa meza, na mpira uliobanwa vizuri na baba yake. Mkuu aliinama akautazama, akausifu ufundi. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikubali sifa hiyo kwa kichwa.

"Mkuu," Chatu akasema, "mkiandika sifuri, itaonekana kwamba hatuna maji, na pampu itapitishwa. Andikeni ukweli tu."

Mkuu wa Takwimu alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Nikiandika sifuri kesho," akasema, "kesho mtakunywa nini?"

Uani koki ilikuwa ikijaza ndoo, na mlio wake ulisikika ukibadilika kadiri ndoo ilivyokaribia kujaa.

"Pampu itachukua muda gani?" fundi akauliza.

"Ikipita? Wewe ulilaza bomba, fundi. Unatujua."

Fundi aliwajua.

"Yanawatosha lakini?" Mkuu akamgeukia mama. "Naweza kuongeza kidogo."

"Siku za kufua yanapungua," mama akasema.

"Mama!"

"Usiniite mama kwa sauti hiyo." Mama alichukua ile glasi tupu, akaishika kwa mikono miwili. "Nakuelewa, mwanangu. Ukweli wako ni mzuri na nimekulea uuseme. Lakini mimi nimebeba, na ninajua sifuri haijazi ndoo. Mwache mkuu aongeze."

Mkuu wa Takwimu akaongeza. Siku za kufua maji yalitoka kwa nguvu zaidi, na mtaa wote uliziona nguo nyeupe za wenzao zikiwa nyeupe kweli.

Mwishoni mwa mwaka Mamlaka ilifanya mkutano wake ukumbini, na Chatu alialikwa pamoja na wazazi wake. Kwenye kioo kikubwa mistari ya mitaa yote ilipanda na kushuka kwa rangi mbalimbali, ikitoka kwenye seva muda ule ule. Mkurugenzi alisimama na kuueleza umati kwamba mtaa wa mlimani, uliodhaniwa kuwa na shida, ulikuwa ukihudumiwa kikamilifu tangu zamani, na kwamba mradi wa pampu umeondolewa kwenye mipango kwa kuwa hauhitajiki. Watu wakapiga makofi.

Chatu hakupiga. Alitazama mstari wa mtaa wao, wa bluu, alioupa rangi mwenyewe. Alitaka kusimama na kusema, na miguu yake ilikuwa tayari. Kisha akamwona baba yake. Fundi alikuwa amemwinamia mtu wa kiti cha jirani, asiyemjua, akimwonyesha kioo kwa kidole.

"Hiyo mistari yote," alikuwa akimwambia, "kaichora mwanangu. Ule wa bluu unapita kwenye bomba langu."

Chatu akabaki ameketi.

Aliyoyafanya baadaye aliyafanya nyumbani. Alikuwa na ruhusa ya kusoma, naye akasoma. Alipitia jedwali zima, akaitafuta mitaa mingine ambayo dira zake hazikuzunguka na bado ilikuwa imeandikiwa maji, akawatafuta watu wa huko wenye kompyuta, akawapa programu yake na kuwafundisha namna ya kupiga hodi. Fundi alikwenda nao kuwakatia mpira. Kwenye kila mtaa alikuta mabomba ya mafundi aliowajua, wengine wameshakufa, na alisema kwa haki kwamba wengi walikuwa wamelaza vizuri.

Upande wa nyuma wa mlima, ambako barabara haifiki, palikuwa na makazi bondeni. Wanawake wa huko waliposikia, walipanda na ndoo zao wakasimama nje ya ua, wakapiga hodi. Mama akawakaribisha ndani. Mmoja wao, mjamzito, alipewa kiti.

"Tumeambiwa kuna binti anayeuliza," yule mjamzito akasema. "Tulikuwa tunaomba atuulizie na sisi."

Chatu akakaa mezani, akaiuliza seva kuhusu bondeni. Seva ilijibu mara moja na kwa adabu zote. Haikusema sifuri. Sifuri ni habari ya mtaa uliopo. Ilisema kwamba kwa jina hilo haina safu yoyote kwenye jedwali.

Akajaribu majina mengine ambayo watu huyatumia kwa mahali pale, likiwemo la zamani. Jibu lilikuwa lile lile.

"Wanasemaje?" mjamzito akauliza.

"Hamjaandikwa, dada."

"Hata kwa makosa?"

"Hata kwa makosa."

Wanawake wakatazamana. Hao hata kudanganywa walikuwa hawajadanganywa.

Chatu alimpigia simu Mkuu wa Takwimu, naye alimsikiliza kwa upole wake wote. Alieleza kwamba mtaa hauwezi kuingizwa kwenye jedwali bila dira, dira haiwezi kufungwa bila bomba, na bomba halilazwi mahali pasipo kwenye jedwali. Alisema angependa sana kusaidia. Chatu akaamini kwamba angependa.

Alipokata simu, mama alikuwa tayari amekwishaipanga foleni ya ndoo, za bondeni zikitangulia kwa kuwa wenyewe wametoka mbali. Siku hiyo maji ya mlimani yaliisha mapema, na jioni nyumba kadhaa zilipika kwa maji ya kukopeshana. Walinung'unika kidogo. Kesho yake wale wanawake walirudi, na maji yakaisha mapema tena.

Siku ya tatu fundi hakuonekana kwenye chai. Alikuwa nyuma ya mlima na sururu, amevaa ovaroli, amenyoosha kamba kutoka kileleni mpaka bondeni, na nusu ya watu wa bondeni walikuwa nyuma yake wakichimba pale anapoonyesha. Mabomba aliyakusanya kwa mafundi wenzake, vipande vya hapa na pale, vya rangi tofauti. Hakuomba ruhusa kwa Mamlaka, kwani Mamlaka isingeweza kukataza bomba linalokwenda mahali ambapo kwao hapapo.

Walipofika chini, fundi alifunga koki karibu na nyumba ya yule mjamzito, ambaye sasa alikuwa amejifungua na amembeba mtoto kifuani. Alimwambia aifungue. Maji yakatoka, machache, nusu ya walichokuwa nacho watu wa mlimani, kwa kuwa namba ilikuwa moja na mitaa sasa ilikuwa miwili. Yule mama alikinga kiganja, akamlowesha mtoto kipaji cha uso. Mtoto akakunja uso.

"Fundi," akasema, "na haya yanatoka wapi?"

Fundi alikuwa amepiga magoti, akikaza kiungio cha mwisho kwa spana. Hakuinua kichwa mpaka kilipokaa sawasawa.

"Yanatoka kwa binti yangu," akasema.